Nikikataa kutoroka na wenzangu JKT, nitaishije nao hanga moja miezi 3?

KijanaWaIgoma

Mwangaluka wakuu. Nimemaliza kidato cha sita hapa Mwanza, jina limetoka, naripoti kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) Rwamkoma kwa mujibu wa sheria. Mchakamchaka na kwata havinitishi. Wasiwasi wangu ni wenzangu. Tuko sita tuliosoma pamoja, na kwenye grupu la WhatsApp mpango umeshasukwa: simu zitaingia zimezikwa ndani ya sabuni ya unga, mmoja akitoroka usiku wengine wamwitikie jina, na Jumamosi kwa zamu mtu anatoka uraiani kuleta chipsi. Sitaki kuingia humo. Lakini pia sitaki kuitwa mnoko tangu wiki ya kwanza halafu nilale nao hanga moja, yaani bweni la kambini, vitanda jirani miezi 3. Mahubiri nimeshapata ya kutosha kwa mama. Naomba vitu vya kufanya: nijibu nini, lini, na lipi nikiliona ni lazima nikaseme?

ButiJeusi

Dogo, una bahati wamekuonyesha ramani kabla hujapanda basi. Wengi hukutana na swali hilo saa 5 usiku, mwili umechoka, taa zimezimwa, mtu amesimama kando ya kitanda anasema "twende, wote tumekubali". Saa hiyo hakuna anayefikiri sawasawa. Kwa hiyo jibu lako litoe leo, ukiwa bado Igoma umeshiba.

Kwenye grupu andika sentensi moja tu: "Mimi kwenye simu na kutoroka mnitoe, msinihesabu." Usiweke sababu. Ukisema unaogopa kufukuzwa, watakuambia hakuna aliyewahi kufukuzwa. Ukisema mama kakataza, watakucheka. Kila sababu unayotoa ni mlango wa mabishano, na wao ni watano, wewe mmoja. Wakiuliza kwa nini, rudia maneno yaleyale kwa sauti ileile. Mara ya tatu wanachoka. Kukaa kimya ndilo kosa baya zaidi hapa, kwa sababu kwenye kundi aliyekaa kimya anahesabiwa amekubali, na usiku wa tukio jina lako litakuwa kwenye zamu.

La pili, mtafute mmoja kati ya hao watano pembeni, mpigie, usimwandikie kwenye grupu. Hakika yupo ambaye naye hataki. Mwanasaikolojia Solomon Asch alifanya jaribio Marekani mwaka 1951: watu wanaonyeshwa mistari, waseme upi unalingana na mwingine kwa urefu, jibu liko wazi kama jua. Wengine chumbani walikuwa wamepangwa waseme uongo kwa pamoja. Takriban robo tatu ya waliojaribiwa walifuata uongo huo angalau mara moja. Lakini alipowekwa mtu mmoja tu wa kusema ukweli kabla yao, kufuata mkumbo kulishuka sana. Mmoja anatosha. Ombeni muwe seksheni moja (kikundi kidogo cha mafunzo) ikiwezekana, na kama haiwezekani, mjue kila mmoja analala wapi.

Jambo jingine, ushawishi una saa zake. Baada ya chakula cha usiku hadi kuzima taa. Jumapili mchana pasipo ratiba. Na wiki ya pili kuelekea ya tatu, woga wa maafande ukiwa umepungua na watu wameshajua uzio uko wapi. Saa hizo usikae bure. Piga buti rangi, fua, shona, andika barua, nenda kwenye ibada. Mtu mwenye brashi mkononi haitwi ovyo.

Kuhusu sabuni ya unga: mizigo hufunguliwa siku ya kupokelewa, na mfuko wa sabuni ni wa kwanza kutobolewa kwa sababu kila mwaka kuna aliyejiona wa kwanza kubuni. Hata ukipita, unga unaingia kwenye tundu la chaji na simu inakufa. Kinachowakamatisha wengi lakini ni chaja. Simu unaweza kuificha, umeme huwezi. Ukilazimika kusafiri na simu, ikabidhi langoni: kwanza bonyeza *#06#, andika zile tarakimu 15 kwenye karatasi mbili, moja ibaki nyumbani, izime, ibandike jina, hakikisha imeandikwa kwenye daftari la mapokezi mbele yako. Namba za nyumbani ziandike kwenye daftari lako, watu siku hizi hawakumbuki hata namba ya mama. Iliyo bora ni kuiacha nyumbani.

Sajini_Mstaafu_Kirumba

Niongeze kwenye hilo la kuitikiana, maana vijana huliona dogo kuliko yote na kumbe ndilo linaloua.

Paredi ya kuhesabu haipo kwa ajili ya kukomoa watu. Kamanda wa platuni anatakiwa ajue ana vichwa vingapi, wapo wapi, na nani mgonjwa. Ukimwitikia mtu aliyetoka, umesema kwa niaba ya serikali kwamba yuko salama ndani. Sasa amegongwa na bodaboda barabarani, au ameumwa na nyoka porini gizani. Msako ungeanza saa 3 usiku baada ya kuhesabu. Wewe umeusogeza hadi paredi ya alfajiri, au hadi mtu atakapopata ujasiri wa kusema. Huo ni muda wa saa 8 nzima mtu amelala na jeraha.

Halafu kuitikia majina hakufichi sana kama mnavyodhani. Hesabu hufanywa pia kwa namba, kila mtu anataja yake akigeuza shingo kwa jirani. Sauti moja ikitaja namba mbili, mstari mzima unasikia. Na kikipulizwa kipenga cha dharura usiku, mnahesabiwa vitanda.

Namna ya kukataa bila ugomvi: mwambie kabla hajatoka, "Mimi sitakuitikia. Ukiitwa nitanyamaza." Hapo hujamsaliti, umempa taarifa apange mwenyewe. Wengi wanarudi kulala wakijua jina lao halina mtu.

Na jambo la amri. Atakuja kuruta mwenzako aliyepewa cheo cha kuongoza seksheni, akuambie "afande kasema nenda geti la nyuma kapokee mzigo". Jifunze kurudia amri kwa sauti: "Nimeelewa. Natakiwa geti la nyuma saa 5 kupokea mzigo. Naenda kumwarifu kamanda wa zamu kisha naenda." Kama ni amri ya kweli atakuambia sawa. Kama ni ya kwake, atakuambia basi acha. Hujabisha, hujakataa, umefuata utaratibu tu, na hakuna anayeweza kukuadhibu kwa hilo.

Mpiga_Shabaha

Mambo mawili ambayo hayana mjadala: lindo na risasi.

Lindo kwa kawaida ni muda wa saa mbili kusimama, kisha muda wa saa nne kupumzika. Zamu ngumu ni ya saa 8 hadi saa 10 usiku, usingizi unapokuwa mzito kuliko saa nyingine zote. Mwenzako atakuambia "tulale kwa zamu, nusu saa wewe nusu saa mimi". Tatizo ni kwamba aliyebaki macho naye anasinzia ndani ya dakika 10, kwa sababu alikuwa anaamshwa na mazungumzo yenu. Usikae, usiegemee ukuta wala mti. Tembea mstari wenu, kila baada ya dakika chache semeni jambo, kunywa maji kidogo kidogo. Mwenzako akianza kusinzia, mwinue asimame, usimfunike. Akishindwa kabisa, mwite kamanda wa gadi abadilishe mtu. Mgonjwa hubadilishwa, aliyekutwa amelala huadhibiwa.

Kubadilishana zamu kimyakimya pia hapana. Kitabu cha gadi kina jina lako, na silaha imetoka kwa namba yake kwa jina lako. Ikipotea hata skrubu, anaulizwa aliye kitabuni.

Renji, yaani uwanja wa shabaha: risasi zinatolewa kwa kuhesabu na maganda yanarudi kwa kuhesabu. Kila msimu kuna anayetaka ganda moja la kuning'iniza shingoni, na anamwomba jirani amfichie kwenye soksi. Likipungua moja, kombania nzima inapiga magoti juani ikitafuta kwenye nyasi, na upekuzi unafuata. Kabla ya kuondoka mtatamka kwamba hamna risasi wala ganda. Ukitamka huku unalo, umeongeza uongo juu ya wizi. Risasi nzima ni habari nyingine kabisa: kumiliki bila kibali ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na hapo hamzungumzi tena na afande, mnazungumza na polisi. Ukiiona mfukoni mwa mtu, usiiguse, usimshauri aitupe chooni. Nenda kwa mkufunzi wa renji papo hapo.

Nesi_wa_Nyakato

Mmeongelea uzio na bunduki, mimi niongelee miili, kwa sababu shinikizo la wenzio hufanya kazi pande zote mbili hapo. Upande mmoja kuna kutega: watu wanakubaliana waumwe wote siku ya mbio ndefu. Upande wa pili kuna walio wagonjwa kweli wanaoogopa kuitwa watega, wanakimbia na homa. Wale wa kwanza wanawaponza hawa wa pili, kwa sababu baada ya wagonjwa 15 wa uongo, wa 16 haaminiki.

Kanda ya Ziwa malaria haijaisha. Homa, baridi, kichwa: kapime siku hiyohiyo, usisubiri Jumamosi.

Mtu atakugawia diclofenac ya kutuliza goti ili usikose mbio. Dawa hiyo ukiimeza bila maji ya kutosha halafu ukakimbia kilomita 10 juani, inaweza kuumiza figo. Tena maumivu ya mfupa wa mguu yanayouma ukibonyeza sehemu moja tu, na yanaongezeka kila siku, huenda ni ufa kwenye mfupa. Ukiyafunika kwa vidonge, ufa unaweza kuwa mvunjiko.

Mkojo ukitoka rangi ya chai ya rangi baada ya mazoezi makali, simama, nenda zahanati, hata kama platuni nzima inakucheka. Misuli inavunjika na mabaki yake yanaziba figo. Kanda yetu ni miongoni mwa maeneo ya nchi yenye watu wengi wanaobeba vinasaba vya selimundu, na wanaobeba, hata kama hawajawahi kuugua, wako kwenye hatari kubwa zaidi ya hilo wakisukumwa kupita kiasi kwenye joto. Dogo, kapime kabla ya kuondoka, Bugando au hospitali yoyote yenye kipimo. Ukikutwa unacho, usifiche karatasi kwa kuogopa kuitwa goigoi. Mpe daktari wa kambi siku ya kupimwa afya.

Gongo nalo. Mbali na kanuni, pombe inakukojoza maji usiku, na saa 11 alfajiri unaanza kukimbia ukiwa umekauka. Wanaoanguka kwenye mchakamchaka Jumapili au Jumatatu, waulizeni walikuwa wapi jana yake.

Mama Magu

Wanangu, na michembe na matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa) msifungiwe na bibi zenu kwa siri. Chakula kilichofichwa chini ya godoro kinaita panya, panya wanakula soksi na vyeti. Ule mpango wa chipsi ni uleule, mafuta yakimwagika kwenye shuka za bluu bahari hayatoki.

Asiyependa_Vihehere

Naomba kutofautiana kidogo na wakuu. Mnamfundisha dogo awe polisi wa hanga. Mtu akiripoti kila kitu, wiki ya nne hana wa kumshikia kamba. Jeshi linaishi kwa kuaminiana.

Sajini_Mstaafu_Kirumba

Mkuu, hakuna aliyesema kila kitu. Hoja yako lakini ina uzito, na hata majeshi makubwa yamejikwaa hapo. Chuo cha kijeshi cha West Point cha Marekani kina kanuni kwamba kadeti hatasema uongo, hataibia wala kudanganya kwenye mtihani, na hatawavumilia wanaofanya hivyo. Mwaka 1976 iligundulika kadeti wengi walisaidiana kazi ya mtihani wa uhandisi wa umeme waliyopewa wakafanyie vyumbani. Zaidi ya 150 waliondoka au kuondolewa. Ikaundwa tume chini ya Frank Borman, yule mwanaanga wa zamani, nayo ikakinyooshea kidole chuo chenyewe, na wengi wa vijana wale wakaruhusiwa kurudi. Kanuni ilikuwa ukutani miaka yote hiyo, na bado rafiki aliona vigumu kumtaja rafiki.

Kwa hiyo weka mstari mahali unapoweza kuulinda. Anayekula mkate aliouficha, mwache. Anayechelewa kuamka, mwamshe. Vitano hivi vinasemwa siku hiyohiyo bila kuuliza nani atakasirika: silaha au risasi, mtu asiyejulikana alipo, mgonjwa anayefichwa, kupigwa au kudhalilishwa, na maji.

Maji nayaweka kwa sababu sisi ni watu wa ziwani na kila mtu anajiona mvuvi. Mkipelekwa kazi karibu na ziwa, mto au bwawa, atatokea wa kusema "tuoge dakika tano". Kichocho kipo, mamba wapo, na anayejua kuogelea akiwa na bukta hajui kuogelea akiwa na buti. Usiku ni mbaya zaidi. Aprili 1956 huko Parris Island, Marekani, mkufunzi aliingiza platuni ya kuruta kwenye mkondo wa Ribbon Creek usiku. Waliokuwa nyuma walifuata waliokuwa mbele, chini pakawa na kina ghafla, wakaanza kushikana. Walizama 6. Hao walikuwa na mkufunzi. Nyinyi mtakuwa na mtu wa Kirumba anayesema anajua pa kukanyaga.

Asiyependa_Vihehere

Kwa vitano hivyo sina ubishi. Ongeza namna ya kusema: asiende mbio ofisini mbele ya hanga zima. Kuna nafasi ya kwenda zahanati, kuna kiongozi wa dini, kuna kumwona kamanda wa platuni baada ya somo. Aseme nini kimetokea, wapi, saa ngapi. Asiseme "nadhani" wala asitaje tabia ya mtu.

KijanaWaIgoma

Asanteni sana wakuu, nimejibu kwenye grupu. Wawili wamenitumia vikatuni vya kuku, mmoja amenipigia pembeni anasema naye hataki. Maswali mawili ya mwisho. Adhabu ya pamoja: mmoja akikosea tunagaagaa wote, halafu watu wanataka kumfunika shuka usiku wampige. Nifanyeje? La pili, dada yangu kapangiwa kambi nyingine, anauliza ushauri kwa upande wa wasichana.

ButiJeusi

Hao wa vikatuni ndio watakaokuomba rangi ya buti wiki ya pili, wape.

Adhabu ya pamoja imalizie uwanjani. Ukipiga kichura 50, umelipa, deni halirudi hangani. Wakianza kupanga shuka, kaa juu ya kitanda chako, washa taa kama inaruhusiwa, taja jina la kiongozi wao kwa sauti ya kawaida: "Fulani, mnataka kufanya nini?" Wanaopiga gizani hawapendi kusikia majina yao. Usishike mguu wala shuka hata kwa utani, kwa sababu mtu akivunjika taya, walioshika na waliopiga wanaandikwa karatasi moja. Kisha hamisha kitanda cha huyo mkosaji karibu na chako siku mbili tatu. Na kesho yake msaidie kilichomkosesha: kama ni kukunja shuka, mfundishe, kama ni kuchelewa, mwamshe dakika 15 kabla ya kipenga. Platuni inayoponzwa na mtu mmoja kila siku mara nyingi ina mtu ambaye hakuna aliyemwonyesha kitu kidogo tu.

Wajomba waliopita kabla mafunzo hayajasitishwa mwaka 1994 watakuambia kumpiga mwenzio ndiyo jeshi. Wao walikaa mwaka mzima, na mafunzo yaliporudi mwaka 2013 yalirudi na utaratibu tofauti. Wasikilize kwa heshima, usiige.

Nesi_wa_Nyakato

Kwa dada: atembee na mwenzake mmoja kila akitoka nje ya mabweni ya wasichana baada ya jua kuzama, hata kwenda bombani. Akiitwa na mwanamume yeyote peke yake, mwenye cheo au asiye nacho, arudie ileile ya sajini: "Naenda kumwarifu matroni, kisha naja." Wenzake wanaweza kumwambia akubali tu apunguziwe fatiki, yaani kazi za kambini. Kutumia cheo kudai ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU wanapokea simu ya bure 113. Namba hiyo aiandike kwenye daftari, isibaki kwenye simu aliyoikabidhi.

Mama Magu

Na wewe Igoma, shuka na bukta zako zishone alama kwa uzi wa rangi moja, pande mbili: upindo wa ndani na kona. Kalamu inafutika kwa kufua mara tatu. Sahani na kikombe kwaruza herufi kwa msumari chini ya kitako. Wizi wa hangani huanza hivi: mmoja kapoteza kikombe, wenzake wanamwambia achukue cha jirani, jirani anachukua cha mwingine, baada ya wiki wote ni wezi na vikombe ni vilevile. Beba viwili, na kufuli lenye funguo mbili, moja uining'inize shingoni.

KijanaWaIgoma

Uzi wa rangi gani mama? Shuka zenyewe ni za bluu.

Mama Magu

Njano. Unaonekana hata jioni umeme ukikatika.